Batri Ilikuwa Pale Pale



Juma lililopita, siku ya ine jioni, mama mwenzetu mmoja alinifikia nyumbani akiwa na kitu amekifunga ndani ya kikwembe kama mtoto mchanga. Alipokifungua, niliona ni ordinatere ya kubeba ya kijana wake. Hakukaa hata kwenye kiti. Akaniambia: "Mama Sekretere, mashini hii inasema haina batri. Lakini angalia, batri si hii hapa?" Akaigeuza, akanionyesha kwa kidole. Kweli, batri ilikuwa pale pale. Fundi mmoja alikuwa amekwisha kumwambia alete dola 45 za batri mpya. Yeye alikuwa na dola 30 mkononi, na alikuja kuniomba nimkopeshe zile 15 zilizobaki.

Sikumpa. Msinione mchoyo. Nilimwambia: "Kaa kwanza, dada yangu, tunywe maji. Hizo dola 45 ninazijua. Zilikwisha kunipita mimi."

Baada ya yeye kwenda nyumbani, usingizi haukuja. Kuna hadithi ya mashini ya chama chetu ambayo ninyi mnaijua nusu tu. Nusu nyingine nimeikalia miaka mitatu. Leo nataka kuitoa, kwa sababu ina faida kwa kila nyumba yenye ordinatere, na kwa sababu imenichosha moyoni.

Wengi wenu mnakumbuka namna ile mashini ilitufikia. Binti wa mama mmoja kati yetu, anayefanya kazi ng'ambo, alikuja kusalimu wazazi wake, akatuachia ordinatere yake ya zamani. Haikuwa mpya, herufi mbili za klavie zilikuwa zimefutika, lakini kwetu ilikuwa kama kupata gari. Kabla ya hapo, mahesabu yote ya sanduku letu yalikuwa ndani ya kaye moja kubwa yenye jalada la bluu. Tuko wamama 28. Kila siku ya posho kila mmoja ananunua hisa, kutoka moja mpaka tano, na kila hisa inapigwa muhuri ndani ya karne yake. Kuna mikopo, kuna faida ya mikopo, kuna feza ya msaada wa ugonjwa na kilio, kuna faini za wanaochelewa. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Mwisho wa mwaka tunafungua, tunagawana, na watoto wanarudi shuleni bila kufukuzwa.

Mimi ndimi niliyesema kaye ipumzike. Nilisimama mbele yenu na kusema: "Wamama, dunia inakwenda mbele. Mashini haikosei kujumlisha." Mkapiga makofi. Tangu siku ile niliandika mahesabu yote ndani ya ordinatere, na kaye ya bluu nikaiweka juu ya kabati. Nilijisikia mtu mkubwa kidogo. Nawaambia ukweli.

Sasa, hapa Bukavu sihitaji kumfundisha mtu habari ya kuranti. Mto Ruzizi unatoka katika ziwa letu wenyewe, na mashini za umeme ziko juu yake tangu wakati wa Wabelgiji, lakini katika kartiye yetu kuranti inakuja kama mgeni wa usiku na inakwenda bila kuaga. Ndiyo sababu batri ya ordinatere si kitu cha fahari. Ndiyo inayokupa dakika za kumaliza sentensi, kuhifadhi kazi na kufunga mashini kwa amani. Ordinatere isiyo na batri ni kama taa iliyofungwa kwenye prizi: kuranti ikienda, nayo inakwenda palepale, pamoja na yote uliyokuwa unaandika.

Asubuhi moja katika musimu wa mvua nilifungua mashini nikaona alama ndogo ya batri, pale chini ya ekrani, imewekewa msalaba mwekundu. Nilipoigusa, yalitokea maneno ya Kifaransa yenye kusema kwamba hakuna batri iliyoonekana. Nilitoa sharjere, mashini ikazima mara moja. Nilirudisha sharjere, ikawaka. Batri nilikuwa ninaishika kwa mkono wangu mwenyewe, na mashini inasema haiko.

Nyumbani kwangu alikuwa anakaa mtoto wa mdogo wangu, msichana aliyetoka Uvira kuja kusoma hapa. Usiku, mimi nikimaliza mahesabu, nilimruhusu atumie mashini kuandika kazi yake ya mwisho wa masomo, ile TFC ambayo wazazi wote wanaijua kwa kuilipia. Nilimwita. Sikuuliza, nilihukumu. Nilimwambia: "Ni wewe. Unaiacha kwenye kuranti usiku kucha, unasikiliza miziki, leo umeua batri ya wamama 28." Alisema polepole: "Mama Mkubwa, mimi naizima kila ninapomaliza." Nikamwambia asinijibu. Tangu siku ile nilimkataza kugusa mashini, na TFC yake akaiandika kwa biki, kurasa kwa kurasa, akisubiri siku atakapopata feza ya kulipa mtu wa kumwandikia.

Kisha nilikwenda kwa fundi mmoja wa mjini. Aliangalia alama nyekundu, hakufungua kitu, hakupima kitu. Akasema: "Mama, batri imekufa. Dola 45." Nilileta neno hilo kwenye mkutano, na ninyi, kwa sababu mliniamini, mlikubali nitoe dola 45 katika sanduku letu. Nilinunua batri mpya. Nilifika nyumbani, nikaiingiza, nikawasha. Msalaba mwekundu ulikuwa pale pale. Hakuna batri.

Nilirudi kwa fundi. Safari hii alitikisa kichwa kama daktari. Akasema ugonjwa umefika kwenye kadi kubwa ya ndani, na dawa yake ni dola 80. Nikaondoka bila kusema kitu. Kwenu nilisema tu kwamba mashini "iko chini ya uangalizi."

Tukaendelea kuitumia kwenye kuranti peke yake, na mlijua. Kile nilichokuwa sijui ni kwamba hatari si kuzima tu. Siku ya posho, majuma mawili kabla ya kugawana, nilikuwa ninahifadhi mahesabu ya mwaka mzima. Katika dakika ileile, kuranti ikakatika. Giza. Iliporudi kesho yake, niliwasha mashini, nikataka kufungua mahesabu, nayo ikaniambia yameharibika na hayafunguki. Nilijaribu mara kumi. Nilikaa chini, kwenye sakafu.

Yaliyofuata mnayajua kwa upande wenu. Mimi nitawaambia kwa upande wangu. Nilipopita kwenye avenyu yetu, wamama wawili walinyamaza. Sokoni, mmoja aliniuliza kama kweli ninajenga nyumba Panzi. Sijengi hata choo. Na kwenye mkutano, mama mmoja, ambaye leo ni rafiki yangu, alisema neno ambalo sikulisahau: "Ordinatere haili feza. Mtu ndiye anakula." Sikumlaumu. Yeye alikuwa ameweka hisa tano kila juma kwa kuuza ndizi na ndagala, na mbele yake alikuwa amesimama sekretere anayesema kwamba mahesabu yamekwenda na giza.

Kilichotuokoa ni karne. Mlizileta zote 28, zingine zinanuka samaki, moja imelowa, moja mtoto ameichora kuku. Lakini mihuri ilikuwa ndani, na mikopo ilikuwa imeandikwa nyuma. Kwa usiku tatu tuliandika upya kaye ya bluu, kwa mwanga wa buji na taa ya telefone. Na aliyekuwa ananisomea namba mpaka saa saba za usiku ni yule msichana niliyemkataza kugusa mashini. Tulipomaliza na kufungua sanduku mbele yenu, ilipungua franka 500, na mweka feza akakumbuka faini moja iliyoandikwa lakini haikulipwa. Mama mwenye faini akaitoa palepale kwenye ncha ya kikwembe chake, na watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mimi nililia.

Sasa inakuja nusu msiyoijua.

Usiku ule wa kugawana, msichana aliniuliza kwa sauti ndogo: "Mama Mkubwa, unaniruhusu niangalie ile ordinatere? Sitaharibu." Nilikuwa nimechoka kukataa. Nilimwambia aangalie.

Kwanza alisema jambo lenye akili ambalo fundi hakulisema: "Batri mbili, ya zamani na mpya, zote mashini haizioni. Ni vigumu batri mbili zife kwa ugonjwa mmoja siku moja. Labda tatizo si batri. Labda ni njia ya kufika kwenye batri."

Kisha alitaka kujua ni nani asiyeona. Alizima mashini, akaiwasha huku akigonga kifungo cha juu ya klavie, kwa mashini yetu ni F2, akaingia katika ukurasa wa ndani unaotokea kabla Windows haijaamka. Alinieleza hivi: ikiwa ukurasa huu unaiona batri lakini Windows haiioni, ugonjwa uko ndani ya Windows. Hapo unakwenda mahali Windows inapopanga vifaa vyake, unafuta jina la batri kwenye orodha, unawasha upya, nayo inaitafuta tena yenyewe, bila kulipa mtu. Lakini ikiwa hata ukurasa wa ndani hauioni, basi ni jambo la mwili: batri, meno yake, au kadi. Wetu haukuiona.

Akazima, akatoa sharjere, akatoa batri, akafinya kifungo cha kuwashia na kukishika sekunde 30. Nilimuuliza anafanya nini na mashini iliyozimwa. Akasema kuna kuranti kidogo inayobaki ndani, na wakati mwingine kile kipande kinachosimamia batri kinapotea akili. Ukikiondolea kuranti yote kinaanza upya, kama mtu aliyelala vizuri. Alirudisha batri, akawasha. Bado.

Ndipo akageuza mashini, akaleta telefone karibu, akamulika ndani ya shimo la batri. Pale kuna meno madogo ya shaba yaliyopangwa kwa mstari. Aliniambia batri ya ordinatere si kama mawe ya radio. Ndani yake kuna kadi ndogo inayojua imejaa kiasi gani, ina joto kiasi gani, na imri yake. Meno makubwa yanapitisha nguvu, meno madogo yanapitisha mazungumzo. Mashini inauliza, batri inajibu. Batri isipojibu, mashini haikubali kuijaza wala kula nguvu yake, kwa sababu batri za namna hii zikijazwa bila kupimwa zinaweza kupata joto na kuwaka moto. Kwa hiyo batri inaweza kuwa na nguvu tele ndani, lakini meno ya mazungumzo yakizibwa, mashini inasema haiko.

Aliingiza kipande cha mti kilichochongwa vizuri, akagusa jino moja, akakitoa. Kilikuwa na kitu cheusi chenye kunata, na pembeni rangi ya kijani kidogo. Akanusa. Akasema: "Mama Mkubwa, hii ni nini? Inanata kama sukari."

Wamama, mimi nilijua ni nini.

Siku mbili kabla ya ule msalaba mwekundu kutokea, nilikuwa ninafanya mahesabu asubuhi na kikombe cha chai karibu. Mkono ukagusa kikombe. Chai yenye sukari nyingi, mnajua namna ninavyoipenda, ikamwagika mezani na kukimbilia chini ya mashini. Niliinua mashini, nikaipangusa kwa kikwembe, juu na chini. Iliendelea kuwaka. Nilishukuru Mungu, na sikumwambia mtu. Chai ilikuwa imeingia katika nafasi ya batri, ikakauka, na ile sukari ikaanza kula shaba polepole. Halafu mimi nikamwita mtoto wa mdogo wangu na kumwambia: ni wewe.

Sikusema neno. Alinitazama, akaona uso wangu, na nadhani alielewa. Hakuuliza. Alikwenda kwa jirani muuguzi, akaomba alkoli ya 90 kidogo na pamba. Aliizungusha pamba kwenye kijiti, akasafisha jino kwa jino, bila haraka, batri na sharjere vikiwa mbali. Meno bapa ya batri yenyewe aliyasugua polepole kwa gomu ya kufutia penseli, akapangusa vumbi lake. Hakutumia maji. Hakutumia kisu wala karatasi ya msasa, kwa sababu vinakwangua shaba. Akaacha vikauke nusu saa. Kisha akashika tena kifungo sekunde 30, akaingiza batri ya zamani, ile "iliyokufa," mpaka kufuli zake mbili zikalia. Akawasha.

Msalaba mwekundu haukuwapo. Batri ilikuwa na asilimia 61. Ilikuwa imekaa pale muda wote ule, na nguvu yake ndani.

Nilimwambia usiku uleule: "Mwanangu, ni mimi niliyemwaga chai. Nisamehe." Alisema: "Haizuru, Mama Mkubwa." Lakini inazuru. Kurasa alizoandika kwa biki zilizuru. Ziliharibu majuma mengi ya masomo yake, na mimi sikuwa na namna ya kumrudishia majuma hayo. Nilimpa mashini kila usiku mpaka akamaliza TFC, na siku alipoitetea nilivaa kikwembe kipya na kukaa mstari wa mbele. Leo anafanya kazi, na anapopiga telefone bado ananiuliza kwa kunitania kama ninakunywa chai mbali na meza.

Lakini kwenu, wamama, nilisema nini? Mtakumbuka. Nilisimama mkutanoni na kusema: "Ilikuwa vumbi." Mkapiga makofi tena. Vumbi halina mwenyewe. Vumbi haliombi msamaha. Ndiyo sababu nililichagua.

Haikuwa vumbi. Ilikuwa chai yangu, na kimya changu. Kama ningesema siku ileile, "nimemwaga chai, tufanye nini?", msichana angesafisha meno yale ndani ya saa moja kwa alkoli ya bure. Dola 45 zingebaki sandukuni. Mahesabu yasingeharibika, na hakuna mama ambaye angelala akifikiri kwamba hisa zake zimeliwa. Kuuliza si ujinga, tunasema hivyo kila siku kwa watoto. Kumbe mimi ndimi niliyeogopa kuonekana mjinga.

Basi, kwa kila nyumba yenye ordinatere inayosema haina batri, shikeni haya kwa utaratibu, kabla ya kutoa hata dola moja.

La kwanza, angalieni mwili wa batri. Ikiwa imevimba, imepasuka au inanuka, msiisukume, msiitoboe, msiijaze tena. Itoeni kwa upole, iwekeni nje mbali na moto na watoto, na huyo ndiye wa kubadilishwa kweli. Na msifuate wanaosema batri iwekwe ndani ya friji au ifunguliwe. Batri haifunguliwi nyumbani.

La pili, zimeni, toeni sharjere na batri, shikeni kifungo cha kuwashia sekunde 30, rudisheni batri mpaka kufuli zilie. Mara nyingi batri haijakaa vizuri tu, hasa mashini ikibebwa ndani ya mfuko na masufuria. Mashini zenye batri ya ndani hazitoki kwa mkono. Zingine zina tundu dogo chini la kuingiza ncha ya pini na kufinya kwa muda, lakini kufungua kifuniko ni kazi ya mtu anayejua.

La tatu, angalieni kama ukurasa wa ndani unaiona batri kabla ya Windows. Hiyo inawaambia kama ni akili ya mashini au mwili wake.

La ine, mulikeni meno. Safisheni kwa alkoli, si kwa maji, na mwache yakauke.

La tano, kabla ya kununua, kopeni batri ya mtu mwenye mashini ya aina moja, namba ileile. Mashini ikiiona ya jirani na haioni yenu, batri yenu ndiyo mgonjwa. Isipoona zote mbili, msinunue batri, kwa sababu tatizo liko kwenye mashini. Hili peke yake lingeokoa dola 45 zetu.

Na la sita halihusu batri: nakili kazi yenu kwenye fleshi kila juma, na msiweke kaye juu ya kabati. Kaye yetu ya bluu tangu siku ile inaandikwa kila siku ya posho, mbele ya watu, na mashini inaandika baada yake.

Mtataka kujua mambo ya yule mama wa juma lililopita. Tulifuata utaratibu huo, yeye na mimi na kijana wake. Tulisafisha, tukashika kifungo, tukaangalia ukurasa wa ndani. Hakuna. Siku ya tano kijana alikopa batri ya mwanafunzi mwenzake, mashini ikaiona mara moja. Kwa hiyo batri yake ilikuwa imekufa kweli, na fundi safari hii hakusema uongo. Atanunua. Lakini atanunua akijua, si kwa kubahatisha, na hizo dola 15 sasa nitamkopesha kwa moyo mweupe.

Bado neno moja. Zile dola 45 za sanduku zilitoka kwa sababu yangu. Hakuna aliyenidai, kwa sababu hakuna aliyejua. Siku ya posho ijayo nitazirudisha mezani, mbele ya wenye funguo wote watatu, na ninaomba mweka feza aziandike katika kaye ya bluu kwa jina lake la kweli. Asiandike "zawadi." Aandike "deni la Sekretere, chai."

Tukutane siku ya posho saa nane, kila mtu na karne yake. Wanaochelewa, faini inajulikana.